Goti la Kaka, na Shaka Iende kwa Nani?

Nina kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, aliyekwenda Marekani kusoma akaishia jeshini. Wengi wetu tunadhani jeshi lile ni la raia wao tu. Hapana. Mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kujiunga, na yeye alijiunga, akamaliza mkataba, akarudi uraiani.

Juzi alikuja likizo. Tukawa tunapanda ngazi kwenda kwa dada, ghorofa ya tatu. Ngazi ya kumi na kitu akasimama, kashika goti, jasho linamtoka.

"Hilo umeumia wapi?" nikamuuliza.

"Jeshini. Niliruka kutoka kwenye lori na mzigo mgongoni."

"Fidia umeomba?"

Akacheka. "Nani ataniamini bwana mdogo? Siku ile sikwenda kwa daktari. Askari halalamiki. Na wenzangu wanasema wakishakukataa, hiyo rufaa utaizeekea."

Jamani, mimi ni mwandishi wa habari. Mtu akiniambia jambo haliwezekani, usingizi hauji. Nikakaa nikasoma jinsi rufaa hizi zinavyoamuliwa. Nilichokuta kinafurahisha na kuudhi kwa pamoja.

Kwanza tusichanganye mambo. Kule fidia ya ulemavu ni ya aliyeumia au kuugua kutokana na utumishi wake. Pensheni ni kitu kingine: ni ya aliyetumikia wakati wa vita, mwenye kipato kidogo, ambaye ni mzee au hajiwezi tena. Kaka yangu anahusika na hiyo ya kwanza. Anatakiwa kuonyesha mambo matatu: kwamba goti ni bovu sasa, kwamba kuna kitu kilitokea jeshini, na kwamba hiki kimeleta kile.

Akikataliwa, ana mwaka mmoja wa kuchagua njia. Sheria iliyopitishwa 2017 na kuanza kazi Februari 2019 imeweka njia tatu. Anaweza kuomba ofisa wa ngazi ya juu alipitie faili upya, bila ushahidi mpya. Anaweza kurudi na ushahidi mpya unaohusika na dai. Au anaweza kwenda kwenye Bodi ya Rufaa za Maveterani, mbele ya jaji. Bodi nayo ikimkataa, ana siku 120 za kwenda mahakamani.

Sasa njoo kwenye lililonifurahisha. Sheria yao inasema hivi: ushahidi wa kukubali na wa kukataa ukikaribia kulingana, mwombaji anashinda. Hahitaji kuuzidi upande wa pili. Mizani ikisimama katikati, shaka ni mali ya askari. Na ushahidi si cheti cha daktari peke yake. Aliyekuwa naye kwenye lori siku ile anaweza kuandika alichokiona. Kaka mwenyewe anaweza kueleza maumivu aliyoyasikia, ingawa kusema kitaalamu kwamba goti la leo limetokana na lori la jana mara nyingi kutahitaji daktari.

Kumbe "nani ataniamini" ina jibu!

Ila msifikiri ukarimu huo umeota wenyewe. Kuanzia 1864 hadi 1988 wakili aliyemsaidia askari katika dai la namna hii hakuruhusiwa kulipwa zaidi ya dola 10. Dola 10! Wakili gani angekuja? Na hadi 1988 uamuzi wa Idara ulikuwa wa mwisho, hapakuwa na mahakama ya kuupitia. Mwaka huo ndipo Bunge lao lilipounda mahakama maalumu ya rufaa hizi.

Hata baada ya hapo, mzee Henderson, aliyetumikia jeshini wakati wa vita vya Korea na kutoka na skizofrenia, alifungiwa mlango kwa kuchelewesha rufaa siku 15. Mtu ambaye ugonjwa wake wenyewe ni wa akili! Alifariki 2010 kesi ikiwa bado Mahakama ya Juu, mjane wake akaiendeleza. Machi 2011 majaji wakasema tarehe ile si ukuta usiopitika. Ushindi ulikuja, mwenyewe hayupo.

Sasa linaloniudhi. Anayeishika hiyo mizani ni nani? Idara ndiyo inayopokea ombi, ndiyo inayolipa, na hata ile Bodi ni sehemu ya Idara hiyohiyo. Ningetegemea basi mahakama iliyo nje ya Idara ishike mizani na kupima upya. Machi 2025 Mahakama ya Juu ikaamua, majaji 7 dhidi ya 2, kwamba Bodi ikishasema ushahidi haukukaribia kulingana, mahakama ya maveterani itaingilia pale tu kosa linapokuwa la wazi.

Naomba nieleweke. Sisemi majaji hawajui sheria, wala sisemi Idara ina nia mbaya. Ninachosema ni kwamba zawadi ya shaka inapungua thamani kama anayetoa pesa ndiye pia mwenye neno la mwisho, au karibu la mwisho, kuhusu kama shaka ipo. Kwa maoni yangu, swali hilo moja lilistahili macho mapya ya mtu wa nje. Askari hakuomba apewe hukumu ya bure. Aliahidiwa kwamba mizani ikisimama katikati, itamwangalia yeye.

Na muda nao ni sehemu ya haki. Anayesubiri mwenye goti bovu hasubiri kama mimi ninavyosubiri daladala.

Nikampigia kaka usiku uleule. Nikamwambia kwa kawaida fidia huhesabiwa tangu siku ya kuomba, kwa hiyo kila mwezi anaocheka ni mwezi anaopoteza. Nikamuuliza, yule mwenzako wa kwenye lori bado una namba yake?

Kimya kidogo. Halafu: "Ninayo. Kwani ni saa ngapi kwao sasa hivi?"