Maneno ya Barrière si Ushuru



Kila asubuhi maelfu ya watu wanavuka kwa miguu Petite Barrière, kati ya Goma na Gisenyi. Wengi ni sisi wamama: beseni kichwani, mtoto mgongoni, jetoni mkononi. Na tunayajua maneno yanayotungojea pale. “Mama mrembo, simama kidogo.” “Leta namba ya simu, mzigo upite.” Anayesema anacheka, wenzake wanacheka, na wewe unacheka ili nyanya zako zisioze.

Usifikiri ni sababu ya kitenge ulichovaa. Mwaka 2011 Benki ya Dunia ilitoa utafiti juu ya wamama wachuuzi kwenye mipaka ya Maziwa Makuu. Ilionyesha kwamba rushwa, matusi na kusumbuliwa kimwili ni mambo ya kawaida huko.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tujue nani ni nani. Amri ya 2002 iliruhusu huduma nne tu kwenye mpaka wa Kongo: uhamiaji (DGM), forodha (leo DGDA), OCC na Usafi. Una haki ya kuuliza kwa heshima: “Chefu, wewe ni wa huduma gani?”

Pili, jibu liwe fupi. “Niambie ninalipa ngapi, unipe na karatasi.” Usitukane, usicheke, usitoe namba ya simu.

Tatu, tuvuke wawili au watatu. Mwenye maneno machafu hapendi mashahidi.

Nne, tuandike: siku, saa, mahali, maneno yenyewe, na nani alisikia. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 inamwadhibu mtu anayemwandama mwenzake kwa maneno, ishara au vitisho, au anayetumia cheo chake, ili apate mwili wake. Kifungo ni mwaka 1 hadi 12, au faini, au vyote viwili. Lakini sheria hiyo inangoja malalamiko ya aliyetendewa. Neno la siku moja ni vigumu kulishitaki. Maneno ya mwezi mzima, yaliyoandikwa na yenye mashahidi, avoka anaweza kuyafanyia kazi.

Kuna wanaokimbilia vichochoro ili kuyakwepa maneno hayo. Huko hakuna karatasi wala shahidi, na hatari ni kubwa zaidi. Wengine wanamtuma binti. Mama, yale uliyoyakimbia ndiyo atakayoyakuta, naye hana miaka yako.

Na wengi hatusemi nyumbani, tukiogopa bwana atasema: acha biashara. Wababa mnaosoma ukurasa huu, anayepaswa kuacha ni yule anayesema.

Mama mmoja akilalamika peke yake, kesho beseni lake litakaa juani. Kwa hiyo kila kikundi kikusanye maandishi ya wanachama wake na kupeleka barua moja kwa mkuu wa huduma, kwa jina la kikundi. Wabaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.