Redio Kongwe Zisiishie Mizanini

BARAZA LA WIKI
Na Rajabu Mkude

Katika nchi za ughaibuni wako watu waliojitolea kukusanya redio za transista za mwanzo, na aghalabu yao huona fahari kuipata Regency TR-1, iliyotoka Marekani mwishoni mwa mwaka 1954 kwa bei ya dola 49.95, kwa kuwa ndiyo ya kwanza ya namna yake kuuzwa madukani. Hao huchungua kila kitu: kasha lisiwe na ufa, rangi isiwe imefifia, na penye namba za stesheni hutazama kama zimo alama mbili ndogo, moja kwenye 640 na ya pili kwenye 1240, ambazo serikali ya nchi ile iliamuru ziwekwe, tangu 1953 hata 1963, ili adui akishambulia raia wajue pa kufungulia. Kwa alama hizo mjuzi hukadiria umri wa chombo bila ya kukifungua. Ni elimu nzuri, wala siidharau. Lakini kipimo chao cha usafi tukikileta Morogoro kama kilivyo, tutatupa kokwa na kuhifadhi maganda.

Kwani redio iliyotufaa sisi haikudumu safi. Zile kubwa za mbao za zamani, zenye taa za kioo ndani yake, zilitaka umeme ama betri nzito za ghali, zikawa za wenye maduka na wakubwa wa serikali. Transista, iliyovumbuliwa Marekani katika maabara ya Bell mwezi wa Desemba 1947, ilikula umeme kidogo mno. Na ilipofika kwetu, fauka ya hayo kampuni ya Matsushita ikaanza kutengeneza redio na betri za National papa hapa Dar es Salaam, mkulima wa Mgeta aliweza kuitundika redio yake kwenye mti ukingoni mwa shamba la kabichi na kusikiliza huku akipalilia.

Na kusikiliza milimani kulikuwa kazi yenye ufundi wake. Mawimbi ya kati, yatambaayo juu ya ardhi, hudhoofika yanapokutana na kizuizi kama vilele vya Lupanga na Bondwa, ilhali mawimbi mafupi hupanda juu, yakarudishwa na tabaka la anga, yakashukia bondeni kwa upande wa pili. Ndiyo maana nyumba nyingi zilikuwa na waya uliovutwa kutoka dirishani hadi juu ya mti. Usiku mawimbi ya kati nayo huruka mbali, basi mtu aliinua redio, akaigeuza huku na huku taratibu, kwa sababu ndani yake mna kijiti cheusi cha feriti kilichozungushiwa waya mwembamba, nacho husikia upande mmoja kuliko mwingine. Almuradi, Mluguru wa Matombo aliwapata Morogoro Jazz, bendi ya mji ulio nyuma ya mlima wake, kwa njia ya stesheni ya Dar es Salaam! Kwa redio hizo hizo, mwaka 1973, makundi ya kampeni ya Mtu ni Afya yalikaa kusikiliza na kujadiliana nchi nzima, na wakadiriaji wanasema walioshiriki walifika milioni mbili.

Juzi, karibu na Soko la Chifu Kingalu, niliona redio moja juu ya meza ya fundi. Mfuniko wa nyuma haupo. Badala yake kimewekwa kipande cha ubao na kukazwa kwa mpira wa baiskeli. Antena ni spoku. Nyumba ya betri imeliwa na kutu, basi kwa nje umefungwa mwanzi uliopasuliwa, ndani yake zimepangwa betri kubwa, kwa kuwa hizo ndizo zilizopatikana dukani, nazo zikichoka zilianikwa juani zirejeshe nguvu kidogo. Ubavuni, kwa ncha ya msumari, limechorwa jina la mwenyewe, na jina la kijiji cha Bunduki, na 1974. Fundi aliniambia bila ya kuona ajabu kwamba nyingine za namna hiyo huenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, zikapimwa kwa kilo.

Mkusanyaji wa ng'ambo angeikataa redio ile, au angeing'oa spoku na mwanzi ili aipe sura ya kiwandani. Mimi naona kosa liko hapo. Kilichotoka kiwandani kilifanana na vingine maelfu. Mwanzi ule umefungwa na mtu mmoja, katika kijiji kimoja, kwa shida iliyokuwapo mwaka ule. Turathi ya usikilizaji wetu ni hiyo.

Basi enyi wasomaji wangu wa Mgeta, Matombo, Kinole na mjini, ambao darini kwenu imelala redio ya baba au ya babu, nawasihi msiitoe kwa mwenye mizani, wala msiisugue ing'are. Muulizeni mzee aliye hai ilinunuliwa wapi na kwa fedha ya zao gani, nani aliitengeneza, na stesheni gani zilishikwa usiku; andikeni hayo kwenye karatasi, mwifunge pamoja na redio. Na kabla ya kuirudisha darini toeni betri, maana maji yake yakivuja hula shaba ya ndani yote.