Utunzaji wa Motokaa: Mlio wa "Pu!" Katika Ekseli ya Nyuma

Mwenye motokaa ya mbio husikia mambo ambayo mwenye lori hayasikii. Gari lake li karibu na ardhi, springi zake ni ngumu, na mipira yake ina ubavu mfupi. Kwa hiyo kila kinacholegea chini humfikia masikioni upesi. Miongoni mwa milio hiyo hakuna unaowatia watu hasara kama ule wa "pu!" unaotoka nyuma. Mwenye gari hushtuka, jirani humwambia kwamba difu imekufa, naye hukusanya fedha akanunua difu nzima iliyokwisha kutumika. Huifungisha, huwalipa mafundi, na asubuhi yake, akirudi kinyumenyume kutoka uani na kuanza kwenda mbele, husikia "pu!" ile ile.

Gari linalofaa kuwa mfano katika jambo hili ni Subaru Impreza WRX pamoja na ndugu yake STI, hasa zile zilizotengenezwa kati ya mwaka 2000 na 2007. Magari hayo yajulikana sana katika Kenya, na sifa yake ilikuwa imekwisha kuenea kabla ya hapo, maana Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Impreza mwaka 1997, na Richard Burns akafanya vivyo hivyo mwaka 2000. Bila shaka gari la mashindano si gari la karani aendaye kazini. Lakini jambo moja ni sawa: nguvu za injini huenda katika magurudumu yote manne. Kutoka giaboksi, ambamo mna difu ya kati, nguvu hupita katika propela shafti mpaka difu ya nyuma. Kutoka hapo hugawanywa kwa shafti mbili zenye jointi za sivi, nazo huzungusha habu za magurudumu. Mahali pengi basi, na kila mahali paweza kulia.

Fundi mwenye busara hashiki spana kwanza. Huuliza: "Mzee, gari hulia likifanya nini?" Jibu la swali hilo ni nusu ya kazi. Mlio wa wakati wa kubadili mwendo kutoka nyuma kwenda mbele si mlio wa kwenye kona, na ule wa kona si ule wa shimo la barabarani.

Kabla ya hayo yote, buti na lifunguliwe, na jeki, gurudumu la akiba na spana zitolewe nje. Ni jambo la kuchekesha, lakini jeki isiyofungwa vizuri imekwisha kuitwa difu mbovu mara nyingi. Halafu nati za magurudumu zikazwe, na eksozi itikiswe kwa mkono ikiwa baridi ili ionekane kama yagonga chini ya sakafu.

Na tuseme mlio ni mmoja tu, mkali, nao hutokea gari linapogeuza mwendo: limerudi nyuma, sasa laanza kwenda mbele. Kwanza zichunguzwe padi za breki. Padi iliyolegea mahali pake husogea na kugonga kila gurudumu linapogeuka upande wa pili. Kujaribu ni rahisi: breki ya mguu ikanyagwe kidogo sana gari linapoanza kwenda, na mlio ukitoweka, basi padi na vibati vyake ndivyo vitazamwe.

Mlio usipotoweka, macho yaende katika nati kubwa iliyo katikati ya habu. Hapo ndipo penye hatari ya kweli. Mwisho wa shafti una meno yanayoingia katika meno ya habu, na nati hiyo huvibana viwili hivyo pamoja na beringi. Ikilegea hata kidogo, meno hucheza, na kila nguvu inapogeuka chuma hupiga chuma. Wala si kelele tu. Beringi ya gurudumu hutegemea nati hiyo kuwa katika kipimo chake; bila kubanwa hupata joto na kuharibika, na gurudumu huanza kuyumba. Mtu akipuuza mlio huo akaenda nao Nakuru na kurudi, na watoto wamo garini, amefanya jambo asilopaswa kufanya.

Kuna njia rahisi ya kujua. Habu na isafishwe, kisha upigwe mstari mmoja mwembamba wa rangi kutoka ncha ya shafti, juu ya nati, mpaka kwenye uso wa habu. Gari liendeshwe polepole karibu na nyumbani kwa siku moja, likienda mbele na nyuma. Mstari ukivunjika, kitu kimesogea, na hakuna haja ya kubishana na mtu yeyote.

Dawa yake si ghali. Shafti hutolewa katika habu, meno ya pande zote mbili husafishwa na kutazamwa kama yamelika, na uso wa jointi unaobana juu ya beringi hufutwa kutu na kupakwa grisi kidogo. Nati iwe mpya, kwa sababu ukingo wa ile ya zamani umekwisha kupondwa ndani ya mfuo wa shafti ili usirudi, na kuupondaponda tena ni kujidanganya. Ikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari lenyewe, huku mtu mwingine amekanyaga breki. Na kazi hiyo ifanywe gurudumu likiwa limeondolewa na gari limekaa juu ya stendi za chuma. Kuishusha motokaa ili uzito wake uwe juu ya beringi kabla nati haijakazwa ni kuiumiza beringi siku ile ile.

Kama nati ni imara, shafti na propela zichezeshwe kwa mkono gari likiwa juu ya stendi, gia imeachwa huru na magurudumu ya mbele yamezuiwa kwa mawe. Jointi ya msalaba katika propela iliyo kavu au ngumu hutoa mlio mwembamba kama wa kugonga sufuria. Mtu yeyote asijaribu kuinua magurudumu mawili tu ya gari hili na kuwasha injini na kutia gia: nguvu zikienda katika magurudumu yaliyobaki chini, gari litaruka kutoka juu ya stendi na kumponda aliye chini yake.

Mlio wa kona ni habari nyingine. Gari laingia mahali pa kuegesha, usukani umekatwa mpaka mwisho, na nyuma kwasikika "pu, pu, pu," na gari lote huruka kidogo kana kwamba limefungwa kamba. Wengi hapa hulaumu jointi za sivi. Lakini jointi za nyuma hazipindwi na usukani kama za mbele, na kwa kawaida hudumu kuliko hizo. Yafaa gari lipelekwe kwanza mahali penye murram iliyolegea, lizungushwe vile vile. Mlio ukipungua sana juu ya murram na kurudi juu ya lami, vyuma vyajizuia vyenyewe kwa kuwa gurudumu moja lataka kwenda upesi kuliko jingine. Murram huliacha liteleze, lami hailiachi.

Chanzo cha kujizuia huko mara nyingi kimo katika mipira. Mtu hununua mipira miwili mipya akaitia mbele, na nyuma akaiacha iliyokwisha, tena ya kampuni nyingine. Katika gari la magurudumu mawili ya nguvu neno hilo ni dogo. Katika Subaru laweza kuua difu ya kati. Tofauti ya mzingo kati ya mipira yote minne isizidi robo ya inchi, yaani milimita 6 hivi. Kipimo cha utepe cha fundi wa nguo chatosha: kila mpira ujazwe hewa sawasawa, upimwe mzingo wake, na tarakimu ziandikwe katika karatasi.

Mipira ikiwa sawa, difu ya kati yenyewe na ishukiwe. Katika WRX ya gia za mkono mna chombo chenye sahani nyingi ndani ya mafuta mazito ya silikoni, na kikiungua kwa joto hushikana na kukataa kuachia. Baadhi ya STI, badala yake, zina kigurudumu kidogo karibu na breki ya mkono ambacho dereva hutumia kuifunga au kuilegeza difu ya kati. Mwenye gari na akitazame kabla ya kumwita fundi; pengine mtoto alikichezea.

Ndipo ifikiwe oili ya difu ya nyuma. Baadhi ya STI zina difu yenye sahani za kubana, na oili ikizeeka au ikiwa si ya namna yake, sahani hizo hukwama na kuachia kwa mshtuko, "pu," katika kila kona ya polepole. Difu ndogo hutaka lita 0.8, ile kubwa ya STI lita 1, oili ya 75W-90 ya daraja la GL-5, na kama ni difu ya sahani, iwe ile iliyoandikwa kwamba yafaa kwa difu za namna hiyo. Bolti ya kujazia na ifunguliwe kwanza, kabla ya ile ya kumwagia. Ametaabika mtu aliyemwaga oili yote kisha akaona bolti ya juu haifunguki. Unga laini wa chuma juu ya sumaku ya bolti si ajabu. Vipande vya jino ni ajabu, na hapo ndipo difu mpya inapoanza kuzungumzwa.

Mlio wa tatu ni ule wa mashimo na matuta, au wa kuachia mafuta kwa ghafula. Huo karibu sikuzote ni bushi: za difu, za fito zinazoshika magurudumu, au viungo vya stabilaiza. Injini izimwe, mtu aingie chini na mtalimbo, akisukuma kila kiungo kidogo kidogo. Mpira uliopasuka huonekana ukifunguka kama mdomo. Bolti ndefu za fito za nyuma hushikwa na kutu ndani ya bushi, na magari yaliyokaa Mombasa ni mabaya zaidi kwa ajili ya chumvi. Zinyunyiziwe mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake.

Katika kufunga bushi mpya sheria yageuka kinyume cha ile ya nati ya habu. Bolti zake zisikazwe mpaka mwisho gari likining'inia, bali lishushwe kwanza lisimame kwa uzito wake. Zikikazwe magurudumu yakining'inia, mpira hubaki umejinyonga siku zote na kupasuka kabla ya wakati wake, na mlio utarudi. Na kwa kuwa bolti moja ya ndani katika kila upande ndiyo inayopanga mwelekeo wa gurudumu la nyuma, ipigwe alama ya patasi kabla ya kulegezwa, kisha gari lipelekwe kupimwa magurudumu, ama sivyo mipira mipya italika upande mmoja tu.