Magunia yakipungua ghalani

Magunia ya mahindi yakipungua ghalani, au fedha za mauzo zisipolingana na daftari, anayeanza kutazamwa ni kijana wa dukani. Katika kata kama Gendabi, wilayani Hanang, ambako watu wanajuana, jina la mwizi husambaa kabla uchunguzi haujaanza, na familia nzima hulibeba.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimlindi mwizi. Inamtaka mwajiri athibitishe. Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinaonyesha namna: achunguze kwanza, kisha mtuhumiwa aelezwe tuhuma kwa lugha anayoielewa, apewe angalau saa 48 za kujiandaa, na aingie kikaoni na mwenzake wa kumsaidia. Akisimamishwa kupisha uchunguzi, mshahara wake unaendelea wote.

Hata hivyo, wapo waajiri wanaosubiri mwisho wa mwezi wakakata mshahara kimyakimya. Huo ni uonevu. Hasara lazima iandikwe na ipigiwe hesabu, mfanyakazi apate nafasi ya kuipinga, na makato yasizidi robo ya malipo yake. Wengine hukimbilia ramli, ilhali ghala lenyewe halijahesabiwa.

Mwenye duka naye anaumia. Mara nyingi mtaji wake ni mkopo. Akiwa na ushahidi, aende polisi, akijua kwamba kesi ikishafika mahakamani, adhabu ya kazini kwa kosa hilohilo husubiri hukumu. Aliyefukuzwa ana siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ili mambo yasifike huko, stakabadhi zenye sahihi mbili, kwa kila mzigo unaoingia na kutoka, zianze msimu huu.