Shangazi Si Soko

Tangazo lenyewe umeliona. "Fanya kazi ukiwa nyumbani. Huhitaji cheti wala uzoefu. Simu yako inatosha." Linawalenga watu kama mimi: nina miaka ishirini na ushei, niliacha chuo katikati, naishi kwa vijikazi vya kuandika ambavyo leo vipo, kesho havipo. Basi acha sisi tunaolengwa tuseme: hiyo si kazi.

Kazini unalipwa. Hapa unaanza kwa kulipa. Unanunua kifurushi cha kuanzia: dawa ya meno, chai ya kupunguza tumbo, vidonge vya aloe vera, vyote kwa bei ambayo duka la mtaani lingeona haya kuitaja. Ukishalipa ndipo unaambiwa ati kuuza bidhaa ni pesa ya bando tu, doo yenyewe iko kwa kusajili watu. Leta sita, kila mmoja wao alete sita.

Haya, tupige hesabu, maana kwenye semina zao hesabu huishia hatua ya tatu. Sita, 36, 216. Inapendeza. Endelea sasa. Hatua ya tisa ni watu 10,077,696. Ya kumi ni 60,466,176. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296 Kenya nzima, pamoja na watoto wachanga. Na usidhani shida inangoja hatua ya kumi. Popote mnyororo utakapokatika, zaidi ya watu watano kati ya kila sita watakuwa safu ya mwisho, bila mtu chini yao. Mpango ukienda sawasawa, bila mwizi hata mmoja, bado hao lazima wakose.

Lakini wao huambiwa nini? Hukujituma. Una fikra za kimaskini. Hapo ndipo hasira yangu iko. Mtu amepoteza akiba, halafu anaombwa aone aibu pia. Na mwenye aibu hanung'uniki hadharani, kwa hivyo wiki ijayo ukumbi unajaa wageni tena.

Watetezi watasema, sisi si piramidi, tuna bidhaa. Sawa. Ile mipango iliyoanguka hapa 2007, ambayo jopokazi la serikali lilikadiria miaka miwili baadaye kuwa ilikula zaidi ya shilingi bilioni 8, haikuwa na hata dawa ya meno. Ila swali ni nani ananunua hizo bidhaa. Kama wanunuzi ni wanachama wenyewe wanaokimbizana na bonasi, dawa ya meno ni pazia tu. Huko Marekani, mwaka wa 2024, tume ya biashara, FTC, ilipitia taarifa za mapato zilizoandikwa na kampuni 70 za aina hii. Katika nyingi, washiriki walio wengi walipata dola 1,000 au chini kwa mwaka mzima, kabla ya kutoa gharama zao. Hayo ni maneno ya kampuni zenyewe, si ya mahasidi.

Na kabla hujauza chochote unapewa zoezi: andika majina mia moja. Ndugu, mliosoma pamoja, watu wa kanisa, wa chama cha mama. Soma orodha hiyo vizuri, ndiyo mtaji wanaoutaka. Shangazi yako hahitaji vidonge. Ananunua kwa sababu ni wewe, yule aliyekulipia karo ya muhula wa pili. Kampuni ingetumia mamilioni kwa matangazo na isipate imani hiyo. Wewe unaipeleka bure, na wakati shangazi ameacha kupokea simu zako, kampuni haijapoteza kitu, ina orodha nyingine.

Mwaka jana ajenti mmoja alinitafuta nimwandikie shuhuda ishirini za waliofanikiwa. Nikaomba namba zao niwahoji. Akacheka: "Tunga tu bro, si wewe ni mwandishi?" Nikamwambia shuhuda za kutunga siandiki, lakini kwa udaku tu nikauliza angelipa ngapi. Akasema hangelipa pesa taslimu. Angenipa kifurushi cha kuanzia, kwa nusu bei.