Upepo ni wa Mungu, Ardhi Ina Wenyewe

Kila nikisikia mkubwa fulani akijigamba jukwaani ati stima yetu ni safi, najiuliza: safi kwa nani?

Sibishani na hesabu. Karibu asilimia 90 ya stima ya Kenya inatokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Na msinihesabu upande wa makaa ya mawe. Leseni ya mtambo wa makaa wa Lamu ilipofutwa mwaka 2019, nilishangilia. Lakini tukumbuke ilifutwa kwa nini. Mojawapo ya sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Haya, twende Loiyangalani, Marsabit. Mitambo 365 ya upepo, megawati 310, ardhi ekari 150,000. Moshi hakuna. Stima inasafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, ndiyo mimi hapa Nairobi nanunua tokeni kwa simu na kuchemsha chai yangu. Oktoba 2021, mahakama kule Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo zilipatikana kinyume cha sheria. Mbona hapo hatukushangilia wala kulia? Kwa sababu panga la upepo halichafui hewa, basi mfugaji asiulizwe?

Mtaniambia dunia inaungua, hakuna muda wa vikao. Ni kweli inaungua. Na aliyeungua kwanza ni huyo huyo mfugaji, aliyezika mifugo kwenye ukame wa 2020 hadi 2023 ilhali hana kiwanda wala gari. Sasa tunataka alipie na tiba pia. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Wala msiseme haiwezekani. Kule Kajiado, kwenye mitambo ya Kipeto, ardhi ilikodishwa kutoka kwa wenyewe. Tena kuna watu kazi yao ni kutazama angani: tumbusi akikaribia, mtambo unasimamishwa mpaka apite. Hasara ya dakika chache, ndege anabaki hai.

Kama panga linaweza kumsubiri tumbusi apite, hati ya ardhi ingeweza kumsubiri mfugaji aulizwe. Nautaka upepo, na jua, na mvuke. Lakini tunapopima usafi wa stima, tusiishie kwenye bomba la moshi. Tupime hadi kwenye zizi la jirani.