Kipaji cha mtoto na utu wake

Mzazi, mwanao akichorachora pembeni ya daftari, usimgombeze haraka. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti aliyezikwa Nyeri mwaka 1941, alichora kwa mikono yote miwili. Alisimulia kwamba akiwa mpelelezi wa jeshi la Uingereza alijifanya mkusanyaji wa vipepeo, akaficha ramani za ngome ndani ya michoro ya mabawa yao.

Lakini skauti wako akikuuliza habari zake, mwambie yote. Mafeking ilipozingirwa siku 217, mwaka 1899 hadi 1900, yeye akiwa kamanda, Waafrika walipunguziwa chakula na wengi wakafa njaa.

Msifu mtoto kwa kipaji chake, na umfundishe pia kumgawia mwenzake chakula.